Mutabar Tadjibayeva: mwandishi wa Kiuzbeki aliyeishtaki dola yake mbele ya dunia

Jina la Imam Bukhari halihitaji kutambulishwa hapa Pwani. Mtoto wa chuoni hulisikia kabla hajajua kuliandika jina lake mwenyewe. Lakini ukituuliza hiyo Bukhara iko wapi leo na watu wake wanaishi vipi, wengi wetu tutababaika. Bukhara, Samarkand, na Termez alikotoka Imam Tirmidhi, yote ni miji ya nchi moja iitwayo Uzbekistan, katikati ya bara la Asia. Leo nataka tumjue mtu wa nchi hiyo ambaye si imamu wala si mfalme. Ni mama mmoja, mwandishi wa habari na mtetezi wa haki za binadamu, jina lake Mutabar Tadjibayeva.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha hatua kwa hatua jinsi serikali inavyoweza kumnyamazisha mtu kwa kutumia vitu vya kawaida kabisa: polisi, hakimu, gereza na hospitali. Pili, mambo yake hayakubaki maneno ya barazani. Alipeleka kesi Umoja wa Mataifa na ikaamuliwa. Na katika njia aliyoipitia kuna jambo ambalo sisi Wakenya tunapaswa kulijua, nitalifikia mbele.

Nchi aliyozaliwa

Mutabar alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Margilan, kwenye bonde la Fergana. Margilan ni mji wa hariri tangu zama za misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka China kwenda nchi za magharibi, na mpaka leo vitambaa vyake vya rangi vinajulikana. Bonde lenyewe lina rutuba na watu wengi, na limegawanywa baina ya nchi tatu: Uzbekistan, Kirgizistan na Tajikistan. Alipozaliwa, zote tatu zilikuwa chini ya Muungano wa Kisovieti.

Uhuru ulikuja mwaka 1991, lakini mtawala hakubadilika. Islam Karimov, aliyekuwa ameshika uongozi wa chama cha Kikomunisti nchini humo tangu 1989, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, na akakaa kitini hadi alipofariki mwaka 2016. Usidanganywe na hilo jina lake la kwanza. Chini ya utawala wake maelfu ya Waislamu walitiwa gerezani kwa kusali au kusoma dini nje ya misikiti iliyosimamiwa na serikali. Vyama vya upinzani vilifungwa. Magazeti yalikuwa yakikaguliwa kabla ya kuchapishwa. Kila msimu wa pamba, walimu, wauguzi na wanafunzi walitolewa kazini na madarasani kwenda kuvuna kwa lazima.

Macho ya serikali yalifika hadi mlangoni mwa mtu. Kule mtaa huitwa "mahalla", neno la Kiarabu ambalo masikio yetu hayawezi kulikosea. Kwa asili mahalla ni ujirani: watu kusaidiana katika harusi, mazishi na shida. Serikali iliichukua kamati ya mahalla ikaifanya mkono wake. Wanakamati wakawa wanaandika nani amefuga ndevu, nani anasali sana, nani anapokea wageni, na nani amekwenda kulalamika. Ukitaka hati ya kuombea msaada wa watoto, unapita kwa watu haohao. Katika hali hiyo jirani anayekujali na jirani anayekuripoti anaweza kuwa mtu mmoja.

Kazi iliyomletea uadui

Katika mazingira hayo Mutabar alikuwa mwandishi. Aliandika juu ya rushwa, biashara ya dawa za kulevya na haki za wanawake. Mwaka 2000 alianzisha kikundi cha kutetea haki ambacho jina lake tukilitia Kiswahili ni Klabu ya Mioyo ya Moto. Kikundi hicho kilifuatilia dhuluma katika bonde la Fergana, kikiandika walichotendwa watu na kukitoa hadharani. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alisimama pia barabarani na mabango.

Gharama ilianza mapema. Katika malalamiko yake kwa Umoja wa Mataifa alieleza kwamba mwaka 2002 alikamatwa na polisi, akapigwa na kubakwa akiwa mikononi mwao. Nalitaja hili kwa uwazi kwa kuwa yeye mwenyewe alichagua kulitaja. Katika jamii ya Kiislamu ya mji mdogo, mwanamke kusema jambo hilo kwa jina lake kunamgharimu zaidi kuliko kunavyomgharimu aliyelitenda. Ndiyo maana ubakaji hutumika kama silaha. Anayeutenda huhesabu kwamba aibu itamfunga mdomo aliyetendwa. Kwa Mutabar hesabu hiyo haikutimia.

Andijan, Mei 2005

Ili kuelewa kwa nini alifungwa, lazima tupite Andijan. Huu ni mji mwingine wa bonde la Fergana, na ndiko alikozaliwa Babur, mwasisi wa dola la Mughal la India. Uwanja mkuu wa mji unaitwa kwa jina lake.

Mwaka 2005 wafanyabiashara 23 wa Andijan walikuwa kizimbani, wakituhumiwa kuwa wafuasi wa kundi la dini lenye siasa kali. Walikuwa waajiri wa watu wengi na walipendwa, na ndugu zao walikusanyika kwa amani nje ya mahakama siku baada ya siku. Usiku wa kuamkia 13 Mei watu wenye silaha walivamia gereza, wakawatoa, na wakateka jengo la serikali. Kufikia mchana maelfu ya raia walikuwa wamejaa uwanjani. Wengi hawakuwa na silaha. Walikuja kusema juu ya umaskini na dhuluma, na baadhi yao walitumaini rais angekuja kuwasikiliza.

Waliokuja ni wanajeshi. Walifyatua risasi kwenye umati, na wakaendelea kuwafyatulia watu walipokuwa wakikimbia. Serikali ilisema waliokufa ni 187, na kwamba wengi wao walikuwa magaidi. Mashahidi na mashirika ya haki za binadamu walisema waliouawa ni mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Hadi leo hakuna uchunguzi huru uliowahi kuruhusiwa.

Baada ya mauaji, serikali ilianza kuwasaka mashahidi. Waandishi walikimbia, ofisi za mashirika ya nje zikafungwa, na raia wakafundishwa kueleza yaliyotokea kama yalivyoelezwa kwenye runinga. Mutabar aliendelea kusema. Aliilaumu serikali waziwazi kwa damu iliyomwagika Andijan, na sauti yake ilisikika hadi nje ya nchi.

Jinsi alivyofungwa

Mapema Oktoba 2005 alikuwa amejiandaa kusafiri kwenda Dublin, Ireland, kuhudhuria mkutano wa watetezi wa haki za binadamu. Usiku wa 7 Oktoba, kabla hajasafiri, askari wenye silaha walifika nyumbani kwake wakamkamata.

Hebu angalia namna kesi ilivyotengenezwa, maana hapa ndipo penye somo. Hakushtakiwa kwa kusema ukweli juu ya Andijan. Alirundikiwa mashtaka zaidi ya 10: kumtoza mtu fedha kwa vitisho, kughushi hati, makosa ya biashara na ardhi, kashfa, na kupokea fedha za kigeni ili kusambaza maandishi ya kuvuruga amani. Mashtaka ya aina hii yana kazi mbili. Yanamfanya mtetezi aonekane mwizi mbele ya majirani zake. Na yanamchosha, kwa sababu hata akilivunja moja, jingine linasubiri. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa 2006, huku yeye na wakili wake wakibanwa katika kuandaa utetezi. Tarehe 6 Machi 2006 alihukumiwa miaka 8.

Hakuwa peke yake. Umida Niyazova, mwandishi aliyefanya kazi ya ukalimani na shirika la Human Rights Watch mjini Tashkent, alinyang'anywa kompyuta yake uwanja wa ndege mwishoni mwa 2006. Ndani mlikuwa na ripoti ya mauaji ya Andijan. Mei 2007 alihukumiwa miaka 7 kwa magendo na makosa mengine. Wiki moja baadaye, kwenye rufaa, alikiri makosa na kuyalaumu mashirika aliyokuwa akifanya nayo kazi, ndipo akaachiwa kwa kifungo cha nje. Alikuwa na mtoto mdogo. Sidhani kuna mzazi atakayemlaumu. Baadaye alihamia Ujerumani, akaanzisha shirika lililokusanya ushahidi wa kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba kwa miaka mingi. Yaani maungamo yale yalimtoa gerezani, lakini hayakuinufaisha serikali kama ilivyotaraji.

Gereza na kisu cha daktari

Mutabar alipelekwa gereza la wanawake Tashkent. Mwaka 2006 aliwekwa katika wodi ya wagonjwa wa akili, ingawa hakuwa mgonjwa wa akili. Mbinu hiyo ni urithi wa Kisovieti: anayeipinga dola atangazwe kuwa kichaa, na kila atakalosema baadaye lihesabiwe wazimu. Mara kadhaa alifungiwa peke yake katika chumba cha adhabu. Afya yake ikadhoofika.

Machi 2008 alitolewa gerezani akapelekwa hospitali ya saratani mjini Tashkent, akafanyiwa upasuaji. Kizazi chake kiliondolewa bila ridhaa yake.

Tafadhali tusipite haraka hapa. Upasuaji si kipigo cha askari mwenye hasira. Unahitaji gari la kumbeba mfungwa, kitanda kilichotayarishwa, daktari, wauguzi, mtu wa dawa ya usingizi, na faili. Watu wenye elimu walikaa wakafanya kazi yao. Mgonjwa ambaye ndiye mwenye mwili hakuulizwa. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, BBC ilitangaza uchunguzi ulioeleza kwamba wanawake wengi nchini Uzbekistan walikuwa wakifungwa kizazi kwa siri au kwa shinikizo, kama mpango wa kupunguza watoto. Serikali ilikanusha.

Na sisi Kenya tusijione tuko mbali na jambo hili. Kuna wanawake wenzetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliofungwa mirija ya uzazi bila kukubali kwa hiari yao. Walikwenda mahakamani, wakasubiri miaka, na Desemba 2022 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ridhaa ya mgonjwa si karatasi ya kutia sahihi tu. Ni haki ya mtu kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, na kukataa.

Kutoka, na ghadhabu ya rais

Juni 2008 Mutabar aliachiwa kwa sababu za afya, bila hukumu yake kufutwa. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Martin Ennals, ambayo hutolewa Geneva kwa watetezi wa haki za binadamu. Machi 2009 Marekani nayo ikamtunuku tuzo yake ya wanawake mashujaa, enzi za Hillary Clinton katika Wizara ya Mambo ya Nje.

Yaliyofuata tuliyajua baada ya nyaraka za siri za balozi za Marekani kufichuliwa na WikiLeaks. Karimov alighadhibika. Alimpokea balozi wa Marekani kwa ubaridi, na akadokeza kwamba shehena za jeshi la Marekani zilizokuwa zikipita Uzbekistan kwenda Afghanistan zingeweza kuzuiwa. Fikiria: rais mwenye jeshi, polisi na magereza, anatishia kufunga njia ya dola kubwa kwa sababu ya nishani ya mama mmoja wa Margilan.

Lakini tusiwe watu wa kushangilia upande mmoja tu. Njia ile ya mizigo ndiyo pia iliyozifanya serikali za magharibi zilegeze sauti. Baada ya Andijan, Umoja wa Ulaya uliwekea Uzbekistan vikwazo, vikiwemo vya silaha. Vikapunguzwa kidogo kidogo, na 2009 vya mwisho vikaondolewa. Hakuna aliyewajibishwa kwa yale ya 2005. Mnyonge anayetegemea dola kubwa imtetee ajue kwamba dola hiyo ina hesabu zake.

Mutabar aliishia Ufaransa, akapewa hifadhi, na akaendelea na klabu yake akiwa Paris.

Kesi ya Umoja wa Mataifa

Huko uhamishoni, akisaidiwa na mashirika ya FIDH na REDRESS, alifungua malalamiko dhidi ya nchi yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Aliweza kwa sababu Uzbekistan ilijiunga mwaka 1995 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa pamoja na itifaki yake ya kwanza, ile inayomruhusu mtu binafsi kuishtaki nchi yake. Pengine waliotia sahihi walidhani ni karatasi za heshima.

Oktoba 2015 Kamati ilitoa uamuzi. Ilikubali kwamba Mutabar alikamatwa kiholela, aliteswa, alifanyiwa ukatili wa kijinsia ukiwemo ubakaji na kuondolewa kizazi kwa nguvu, na hakupata kesi ya haki. Iliitaka serikali ichunguze, iwashtaki wahusika na imlipe fidia.

Kamati haina polisi. Haiwezi kumkamata mtu wala kufilisi nchi. Lakini kabla ya 2015 lilikuwa neno lake dhidi ya neno la dola. Sasa iko hukumu ya chombo ambacho dola yenyewe ilikikubali, na hakuna hakimu wa Tashkent anayeweza kuifuta.

Lau angekuwa Mkenya

Hapa ndipo pale nilipoahidi kufika. Kenya iliridhia mkataba uleule mwaka 1972, miaka mingi kabla ya Uzbekistan kuwa nchi huru. Lakini hatujaridhia ile itifaki ya kwanza. Maana yake, mama wa Lamu au Kwale akitendewa aliyotendewa Mutabar, hawezi kufungua malalamiko mbele ya kamati ile. Mlango aliouingia Mutabar dhidi ya serikali ya Karimov, kwetu umefungwa.

Milango mingine ipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Tuna pia sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2017. Njia za ndani zikishindikana, mtu anaweza kwenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Banjul, ambako Waendorois wa Bogoria walishinda kesi ya ardhi yao. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha haipokei kesi ya Mkenya moja kwa moja, kwa kuwa serikali yetu haijatoa tamko la kuruhusu; kesi ya Waogiek ilifika huko kwa kupelekwa na Tume. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inampokea raia moja kwa moja, lakini kwa kawaida ndani ya miezi miwili tu tangu jambo kutokea. Wengi hupoteza haki yao hapo kwa kungoja.

Wagombea hupita mitaani kwetu kuomba kura na kutuahidi barabara na maji. Tuwaulize na hili la itifaki pia. Kuiridhia hakuhitaji kujenga ofisi wala kununua gari.

Uzbekistan ya leo

Karimov alifariki 2016, na nafasi yake ikachukuliwa na Shavkat Mirziyoyev. Baadhi ya mambo yalilegea. Muhammad Bekjanov, mwandishi aliyekuwa gerezani tangu 1999, aliachiwa 2017. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba kulazimisha watu kuvuna pamba kwa mpango wa serikali kumekwisha, na haya ni matunda ya wale walioandika na kupiga picha mashambani huku wakikamatwa, akina Niyazova na wenzake.

Lakini Julai mwaka huohuo, watu wa Karakalpakstan walipoandamana kupinga kunyang'anywa hadhi ya jimbo lao, serikali yenyewe ilikiri kwamba watu 21 waliuawa. Dauletmurat Tazhimuratov, wakili na mwandishi, alihukumiwa miaka 16. Ukisoma mashtaka yake utaona mtindo ni uleule: mtu alisema neno, akapatikana na makosa mengi kwa mpigo.

Kesi ya Mutabar ilisimama kwa sababu kulikuwa na tarehe, majina ya mahali, hukumu, na watu waliokuwa tayari kueleza waliyoyaona. Hapa Pwani tumeshuhudia vijana wakichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na familia zikibaki na kumbukumbu ya "gari jeupe, jioni". Hiyo haitoshi. Mtu wako akichukuliwa, andika saa, mahali, nambari ya gari, mavazi na majina ya walioona. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe nambari ya kitabu cha matukio, na wakikukatalia, andika nani amekataa na saa ngapi. Akipelekwa hospitali, omba karatasi za matibabu na uweke nakala. Mpigie wakili au shirika la haki za binadamu siku hiyohiyo, usingoje kesho.